UMRI WA MWANAFUNZI NA UMBALI WA RAMANI: Tahakiki ya Mpango wa Maarifa ya Jamii kwa Mfano wa Kathonzweni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki mpango unaotawala ufundishaji wa Maarifa ya Jamii katika shule za Kenya, na hasa dhana moja iliyo msingi wake ambayo ni nadra kuulizwa. Dhana hiyo ni kwamba mtoto mdogo hana budi kufundishwa mambo yaliyo karibu naye, na kadiri umri wake unavyoongezeka ndivyo apelekwavyo mbali zaidi na kwao. Katika madarasa matatu ya kwanza husoma habari za nyumbani na shuleni. Katika Gredi ya 4 husoma kaunti yake. Katika Gredi ya 5, Kenya. Katika Gredi ya 6, Afrika Mashariki. Na baadaye bara zima na dunia.

Mpango huu umezoeleka hata ukafanana na jambo la maumbile, kama kwamba akili ya mtoto yenyewe ndiyo iliyouchora. Sivyo. Ni chaguo lililofanywa na watu, kwa sababu zao, nalo linaweza kupimwa kama chaguo jingine lolote. Sisi tunalipima kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mpango huu hupima ukuaji wa akili kwa umbali wa ramani. Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwa mwanafunzi husomwa wakati ambapo hajaweza kuuliza maswali mazito, na anapofikia umri wa kuyauliza, habari za nyumbani zimekwisha kuachwa nyuma katika vitabu vya madarasa ya chini. Hoja ya pili ni ya lugha: mahali hasa ambapo mpango humtoa mtoto nyumbani ndipo pia humtoa katika lugha ya nyumbani, na mapengo hayo mawili yakikutana huzaa ububu ambao walimu wengi huudhania kuwa ni uzito wa kichwa.

Tumechagua Kathonzweni, si mbali na Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, kwa sababu mbili. Kwanza, lugha ya eneo ni moja, yaani Kikamba, na kwa hiyo suala la lugha huonekana waziwazi bila kuchanganyika na mengine. Pili, historia ya karibu ya sehemu hizo ni nzito kuliko inavyodhaniwa na mtu anayezipita kwa gari akaona vumbi na miti ya miiba tu.

Neno moja kuhusu jina la somo. Nchini Kenya utasikia Elimu ya Jamii, Mafunzo ya Jamii na Masomo ya Kijamii, kila mtu na lake. Nchini Tanzania, jina Maarifa ya Jamii lilikwisha kukaa. Tofauti hii ina sababu: huko somo limefundishwa kwa Kiswahili, na huku hufundishwa kwa Kiingereza. Lugha isiyotumiwa kufundishia somo haina haja ya kuafikiana juu ya jina lake. Sisi tutatumia Maarifa ya Jamii.

2. Asili ya mpango

Mwaka 1968 wataalamu wa elimu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani. Katika mkutano huo ilikubaliwa kwamba shule za Afrika huru ziifundishe jamii kwa mkabala mmoja, badala ya vipande vya historia, jiografia na uraia vilivyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Kutokana nao pakaundwa African Social Studies Programme, yenye makao yake Nairobi. Lengo lilikuwa jema: mtoto wa Kiafrika aache kukariri mito ya Ulaya na wafalme wa Uingereza, aanze kujisoma yeye mwenyewe na watu wake.

Nchini Kenya utekelezaji ulikwenda polepole. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, vipande vitatu viliunganishwa katika shule za msingi chini ya herufi tatu, GHC. Mtaala uliorekebishwa mwaka 2002 ukalipa somo jina la Social Studies. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeligawanya kwa umri: Gredi ya 1 hadi ya 3 husoma Shughuli za Mazingira, na Maarifa ya Jamii huanza katika Gredi ya 4 yakaendelea hadi ya 9. Katika mabadiliko yote hayo ngazi ya kutoka nyumbani hadi duniani haikuguswa.

Ngazi hiyo haikutoka Ukambani wala Mombasa. Aliyeieneza zaidi ni Paul Hanna wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye aliichora jamii kama duara ndani ya duara: familia katikati, kisha mtaa, mji, jimbo, taifa, dunia. Ilifaa shule za Marekani kwa kuwa ilikuwa rahisi kuigawa katika vitabu, kila mwaka na duara lake. Na ajabu ni kwamba hoja iliyoweza kuipinga ilikuwapo mlangoni siku zile zile. Katika The Process of Education (1960), Jerome Bruner alikuwa amekwisha kudai kwamba msingi wa somo lolote waweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote kwa namna iliyo ya kweli, mradi jambo lile lile lirudiwe baadaye kwa kina kinachozidi. Education Development Center, shirika la Marekani lililoshiriki katika mkutano wa Mombasa, ndilo lililokuwa likitayarisha mtaala wa jamii ambao Bruner alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Hata hivyo, katika mihtasari yetu ngazi ya Hanna ndiyo iliyokaa, na wazo la Bruner likabaki katika mihadhara ya vyuo vya ualimu.

3. Karibu si sawa na rahisi

Wanaoutetea mpango wa duara husema kwamba mtoto huelewa anachokiona kabla ya kuelewa asichokiona. Kauli hii ina ukweli, lakini imebeba ndani yake kosa: inachukulia kwamba kilicho karibu kwa hatua ndicho kilicho karibu kwa akili.

Mtoto wa miaka sita wa Ukambani hahitaji ramani ili amfuate Sungura na Fisi katika mbano, yaani ngano za Kikamba, wala hashindwi kumwelewa eimu, zimwi ambaye hakuna aliyepata kumwona. Anaelewa hila, uchoyo, njaa, hofu na kisasi. Kieran Egan wa Kanada aliwahi kuujenga upinzani wake dhidi ya mpango wa duara juu ya jambo hili hasa: watoto wadogo huyafikia ya mbali kwa njia ya hadithi, kwa sababu hadithi imejengwa kwa mambo ambayo tayari wanayajua ndani yao.

Kwa upande wa pili, mambo yaliyo chini ya pua huweza kuwa magumu kupita kiasi. Kwa nini shamba la baba lina hati na la jirani halina? Kwa nini mama huchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, na lori huja kuuchukua mchanga huo huo? Kwa nini wazee husema kwao ni Mbooni ilhali makaburi ya karibuni ya ukoo yako hapa? Maswali haya yako umbali wa hatua mia moja kutoka mlangoni, na yanahitaji akili ya mtu wa miaka kumi na minne, pengine na zaidi. Mpango wetu, kwa kuwa umeyaweka mambo ya nyumbani katika madarasa ya chini, hauna pa kuyauliza. Humo nyumbani husomwa kama orodha: watu wa familia, kazi za nyumbani, usafi, wanyama wafugwao. Mtoto huambiwa anachokijua tayari, kisha huondolewa.

Hatusemi kwamba madarasa ya juu hayarudi nyumbani kabisa. Mtaala wa umilisi unahimiza ziara za nje na kualika watu wenye ujuzi katika jamii, na jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini nyumbani kukirudiwa hurudiwa kama mfano wa kuthibitisha jambo la jumla ambalo kitabu kimekwisha kulisema, si kama tatizo lenye kusubiri jibu.

4. Mfano wa kwanza: majina ya njaa

Ili hoja yetu isibaki hewani, tuchukue jambo moja tu la Ukambani tulione katika umri wa aina tatu. Wakamba huzipa njaa majina. Neno lenyewe ni yua, na kila yua kubwa ina jina linaloeleza kilichoipambanua na nyingine. Njaa ya 1898 hadi 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa maana ya iliyoenea kila mahali. Ilikuja baada ya sotoka kuua ng'ombe, ikafuatana na ndui, wakati reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikipita nchi hiyo hiyo kuelekea Nairobi. Njaa ya 1961, mwaka wa ukame uliofuatwa na mafuriko, inakumbukwa kwa jina la ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Njaa ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete: ninakufa huku nimeshika, yaani fedha zimo mkononi na chakula hakipatikani dukani.

Mtoto wa miaka saba aweza kufanya nini na majina haya? Aweza kuyakusanya. Atamwuliza nyanya yake, atarudi na jina moja na kisa kimoja, atakisimulia mbele ya wenzake kwa lugha aliyokisikia. Hilo ni somo kamili kwa umri wake, nalo ni historia ya kweli, si mchezo wa kuigiza historia.

Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja aweza kupanga. Ataviweka visa vya darasa zima katika mfuatano, atagundua kwamba nyanya wawili wametaja njaa moja kwa majina mawili, au jina moja kwa miaka miwili, na itambidi atafute njia ya kuamua. Atalinganisha jina na mwaka wa kitabuni. Hapo ndipo anapojifunza kwamba ushahidi hupingana, na kwamba kupingana si uongo.

Mwanafunzi wa miaka kumi na minne aweza kuhoji. Kwa nini njaa ya kwanza ilipewa jina la mahali ilikofika, ya pili jina la chombo kilicholeta msaada, na ya tatu jina la fedha? Jibu halimo katika jina moja. Limo katika mfuatano wa majina. Ngomanisye ni jina la watu waliotegemea mifugo, mashamba na jamaa wa mbali, wakakuta kwamba hata kwa jamaa hakuna. Ndeke ni jina la watu waliokwisha kuwa chini ya serikali inayoweza kurusha chakula kutoka angani. Nikw'a Ngwete ni jina la watu ambao tayari wanaishi kwa soko: wanao mshahara, wanao ndugu anayetuma fedha kutoka Nairobi au Mombasa, na soko limewakosesha. Katika majina matatu mwanafunzi anayo historia ya uchumi wa Ukambani kwa takriban miaka 90, nayo imeandikwa na watu wake wenyewe kwa lugha yao.

Jambo ni moja katika umri wote watatu, na mahali hapakubadilika. Kilichobadilika ni tendo la akili, na pamoja nalo tendo la lugha: kutaja na kusimulia, kisha kupanga na kulinganisha, kisha kuhoji na kutetea. Hii ndiyo ngazi tunayoidai. Kama muhtasari ungepangwa kwayo, nyumbani kusingefungwa katika Gredi ya 3, na dunia nayo isingengoja hadi Gredi ya 8. Reli na sotoka vinaingia katika somo la mtoto wa miaka kumi bila kualikwa na ramani.

5. Mfano wa pili: weu

Mfano wa pili unahusu ardhi, na unaonyesha kwamba hasara ya kufunga nyumbani mapema si ya elimu tu.

Kitabu cha Kiingereza huwa na neno moja la ardhi. Kikamba cha jadi kilikuwa na kadhaa, na D. J. Penwill, aliyeandika juu ya sheria za kimila za Wakamba mwaka 1951, aliona umuhimu wa kuyatenga. Ng'undu ni ardhi ya kulimwa iliyo ya ukoo au familia. Kisesi ni malisho yaliyotengwa na mwenye nayo. Weu ni nyika isiyo ya mtu, ambamo kila mmoja aweza kuchunga, kuwinda na kutundika mizinga. Sehemu kubwa ya Makueni ilikuwa weu. Ilikuwa na mbung'o na faru, na watu walikaa kwa wingi vilimani.

Kisha ikaja siasa ya udongo. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakiandika kwamba vilima vya Machakos vinaangamia. Taarifa ya Colin Maher ya 1937 ndiyo mashuhuri zaidi kati yao. Dawa ya kwanza ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wakanyakuliwa na kuuzwa kwa bei hafifu, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kilipokuwa kimefunguliwa Athi River. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kudai ng'ombe wao, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kuishi uhamishoni Lamu. Dawa ya pili ilikuwa kuwafungulia watu weu. Ili nyika za Makueni zikalike, vichaka vilikatwa na faru wakauawa: mwindaji wa serikali, J. A. Hunter, alihesabiwa faru 996 aliowaua huko kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946. Makazi mapya ya Makueni yakaanza.

Mwanafunzi anayesoma leo katika sehemu hizo anakaa juu ya historia hii. Katika Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwamba udongo ni mali na kwamba wanyamapori walindwe. Ni kweli. Lakini hakuna gredi anayofundishwa kwa utaratibu kwamba mahali alipoketi palisafishwa kwa bunduki kwa amri ya serikali iliyokuwa ikiwalaumu babu zake kwa kuharibu ardhi. Huko mbele atasoma ukoloni kama jambo la Afrika nzima, lenye makoloni, mikataba na mipaka, na atajibu mtihani vizuri, bila kujua kwamba tayari amekutana nao katika neno weu ambalo babu yake hulitaja akionyesha mkono upande wa mto.

Wala somo hili halina jibu moja la kukariri. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha More People, Less Erosion, wakionyesha kwamba Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi wilaya zilipotengwa mwaka 1992, iliongezeka watu kutoka takriban 240,000 katika miaka ya mwanzo ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1990, na bado mmomonyoko ukapungua, kwa sababu watu walijenga matuta. Dianne Rocheleau na wenzake, mwaka mmoja baadaye, walionya kwamba habari hiyo njema haikuwafikia watu wote sawasawa. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne aweza kabisa kutoka nje na daftari, akahesabu matuta ya kijiji chake, akauliza nani aliyachimba na kwa amri ya nani. Ataambiwa juu ya mwethya, kazi ya ujirani ambayo Mswahili ataifananisha na ujima. Na akiendelea kuuliza atapata kwamba jina hilo hilo lilitumiwa pia kwa kazi ya lazima chini ya machifu, kabla ya vikundi vya hiari, ambavyo wanawake walikuwa nguzo zake, kulirudishia heshima. Neno moja, hali mbili zinazopingana: ni somo gani la uraia lililo bora kuliko hilo?

6. Mkatiko wa lugha

Tukifika hapa inatubidi sisi wanalugha tuseme wazi jambo ambalo wataalamu wa mitaala hulipita kwa haraka. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike kuanzia la nne. Mtaala wa umilisi umeiendeleza sera hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kathonzweni huacha nyumbani na kuacha Kikamba katika mwaka mmoja, akiwa na miaka tisa au kumi.

Umri huo, kama tulivyoona, ndio wa kupanga na kulinganisha. Tendo hilo linahitaji viunganishi vya hoja: kwa kuwa, ijapokuwa, kabla ya, kinyume cha. Mtoto anavyo kwa Kikamba. Kwa Kiingereza anayo majina ya vitu tu, na kwa hiyo hurudishwa nyuma kwenye kutaja, wakati ambapo akili yake imekwisha kuvuka. Mwalimu huuliza swali la sababu. Mtoto hujibu kwa neno moja, au hunyamaza. Kisha huja mtihani wa Gredi ya 6, ulioanza mwaka 2022, ambao Maarifa ya Jamii yamo katika karatasi ya pamoja na yana maswali ya kuchagua jibu. Kuchagua jibu hakuhitaji kiunganishi hata kimoja. Hivyo ukimya wa mtoto hupata hati ya kufaulu.

Kiswahili kingeweza kuwa daraja katika pengo hili, nacho hakitumiwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mtoto hukisoma kila siku kama somo. Ujamaa wake na Kikamba humpa mtoto mshiko wa haraka: ndeke na ndege, mbua na mvua, kithima na kisima. Na hata pale ambapo ujamaa huo unadanganya, udanganyifu wenyewe ni somo. Muthanga wa Kikamba unafanana na mchanga wa Kiswahili, lakini maana yake ni udongo; mchanga ni kithangathi. Darasa linalozungumzia Sheria ya Makueni ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ya 2015, haliwezi kulipita jambo hili. Likosee, na litadhani kwamba sheria imepiga marufuku kuchukua udongo wa kufyatulia matofali. Likilitatua, litakuwa tayari kwa swali lenyewe: mchanga wa mto ni ghala la maji la mama anayechimba kisima, na pia ni ujira wa kijana anayepakia lori, nani ana haki gani juu yake?

Twaweza kujifunza kwa Tanzania, bila kuiga kwa kufumba macho. Huko shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na mtoto wa miaka kumi na moja hupanga na kulinganisha mambo ya jamii kwa lugha anayoimudu. Lakini anapoingia sekondari masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, na mkatiko ule ule hutokea katika umri wa kuhoji badala ya umri wa kupanga. Kwa hiyo haitoshi kuusogeza mkatiko mbele kwa miaka minne. Inatupasa kuuliza ni tendo gani la akili tunalolikata, na kwa faida ya nani.

7. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kumrudisha mwanafunzi nyumbani kila mara kutazidisha ukabila. Tunaichukulia hofu hii kwa uzito, kwa maana nchi yetu imeshuhudia damu. Lakini ukabila haulishwi na ujuzi wa nyumbani. Hulishwa na hekaya ya nyumbani isiyoulizwa, ile isemayo kwamba tulikuwapo hapa tangu dunia kuumbwa. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba ukoo wake ulifika weu katika miaka ya 1940 hawezi kwa urahisi kumwambia mwingine kuwa ni mgeni. Na aliyemfuata Muindi Mbingu hadi Lamu amekwisha kuiona pwani ya nchi yake kwa sababu yenye maana.

Wengine watasema kwamba mitihani ni ya taifa, nayo haiwezi kuuliza juu ya kila kata. Ni kweli haiwezi kuuliza majina ya njaa za Ukambani mtoto wa Turkana. Lakini yaweza kumwuliza kila mtoto apange ushahidi unaopingana na atetee uamuzi wake, kwa mfano wa kwao. Kinachofanana taifa zima kiwe ni tendo, si orodha.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: mwalimu. Mwalimu mgeni hajui weu ni nini, na mwalimu mwenyeji hakufundishwa chuoni kwamba anachokijua kutoka kwa bibi yake ni maarifa. Hili halitatuliwi kwa waraka. Hata hivyo mbinu tunayoipendekeza haimtaki mwalimu awe na majibu yote. Inamtaka ajue kuuliza na kupima. Mwalimu mgeni anaweza kuwa bora hapa, kwani maswali yake ni ya kweli.

8. Hitimisho

Tumedai kwamba umri wa mwanafunzi usipimwe kwa umbali wa ramani, bali kwa tendo la akili na la lugha analoliweza. Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila eneo lichaguliwe mambo machache mazito, kama njaa, ardhi na maji katika Makueni, nayo yarudiwe katika Gredi ya 2, ya 5 na ya 8, kila mara kwa tendo la umri huo. Pili, Maarifa ya Jamii katika Gredi ya 4 hadi ya 6 yaruhusiwe kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na ushahidi wa kinyumbani ukusanywe kwa lugha ya eneo, ili Kiingereza kimkute mtoto akiwa na hoja ya kuitafsiri badala ya orodha ya kukariri. Tatu, idara za lugha za Kiafrika katika vyuo vyetu ziache kuyatazama Maarifa ya Jamii kama kazi ya jirani. Istilahi zake, viunganishi vyake na usimulizi wake ni mambo ya fani yetu, na hakuna mwingine atakayetufanyia.

Kazi hii haina muda mrefu wa kungoja. Wanaoikumbuka njaa ya ndeke wakiwa watu wazima sasa wamepita miaka themanini, na waliouona weu kabla ya kukatwa wamebaki wachache sana. Mtoto wa Gredi ya 2 anaweza kuwauliza mwaka huu. Akingoja hadi ramani imfikishe duniani na kumrudisha, hatamkuta wa kumwuliza.